Watu wa Alhamisi na Mito Yao

Shangazi hakuwa mtu wa kusema uongo. Alikuwa mtu wa kupokea wageni vizuri, na siku mambo hayo mawili yalipokutana mlangoni, uongo ndio uliotangulia kuingia.

Alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba cha kushonea kilichotazama barabara na mdomo uliojua kushona na kufumua. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, kwa sababu ya mtoto wa kaka yake. Alikuwa amemlea mtoto huyo tangu ana miaka mitano, kaka na wifi walipofariki ndani ya mwaka mmoja. Mtoto mwenyewe alikua huku kila kitu anakisogeza jichoni: punje ya mchele, mguu wa nzi, kucha za fundi baiskeli. Wakambandika jina la Hadubini. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, amefaulu vizuri mno, na mkononi ana barua ya kukubaliwa kwenye chuo cha wataalamu wa maabara. Kilichokosekana ni ada, na cherehani ya Shangazi hata ingekimbia vipi isingeifikia.

Ndipo likatoka tangazo. Serikali ingewasomesha wasichana wa jamii za dini zenye waumini wachache: ada, bweni, vitabu, hata koti jeupe la maabara. Hadubini alilisoma mara tatu akiwa amesimama, kisha akatafuta pa kukaa. Maana kama kulikuwa na waumini wachache katika mji ule, basi walikuwa wao.

Watu wa Alhamisi, ndivyo walivyoitwa, kwa kuwa waliabudu Alhamisi asubuhi katika ukumbi wa nyuma ya karakana ya fundi baiskeli. Ibada yao haikuwa na makuu. Walikaa kimya nusu saa kamili, halafu kila mmoja akasimama kwa zamu na kushukuru kwa jambo moja la wiki. Moja tu, si mawili. Baada ya hapo walirudi kazini. Viti hawakuwa navyo. Kila muumini alikuwa na mto wake wa kukalia, ulioshonwa kwa vipande vya nguo zake mwenyewe, nao ulitundikwa ukutani kwenye msumari wake. Mto wa mtu haukaliwi na mwingine. Hilo hata watoto wa kutambaa walilijua.

Mito yote aliishona Shangazi, na kila Jumatano alikwenda peke yake kuikung'uta vumbi. Ukimuuliza mko wangapi, hakuhesabu watu, alitazama ukuta. "Hamsini na kitu," alijibu, na hakuna aliyewahi kumbishia. Nani angesimama na kusema kwamba waliobaki mjini hawakuijaza hata nusu ya misumari ile?

Barua ya ofisi ya ufadhili ilifika siku ya Ijumaa. Hadubini akaisoma kwa sauti, Shangazi akiwa na pini tatu mdomoni.

"Mkaguzi atafika Alhamisi ijayo kuthibitisha uwepo wa jamii hiyo."

Shangazi akatoa pini. "Uwepo ndiyo nini?"

"Kwamba tupo, Shangazi."

"Tupo! Tusingekuwepo hiyo barua ingesomwa na nani?"

Alicheka, lakini neno lile lilimrudisha mbali. Miaka mingi nyuma alikwenda kuomba kibali cha ukumbi, na karani mmoja, kijana wa juzi juzi, akahesabu majina kwenye karatasi yake, akamrudishia huku anatabasamu. "Mama," alimwambia, "watu kiasi hiki si dini. Hii ni familia." Shangazi alirudi nyumbani akashona suruali miguu miwili ya kushoto. Kibali kilikuja kutoka baadaye, ila ile aibu haikumtoka. Sasa serikali inakuja tena kutazama kama wapo. Ije iwakute watu kumi na kitu wamejikunyata pembeni mwa ukumbi mkubwa? Iandike "hawapo", mtoto abaki kubandika vifungo? Abadani.

Hadubini alikuwa akijitolea kwenye zahanati wiki nzima, anatoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo hakusikia kilichopikwa. Angesikia angekizima palepale, na ndiyo maana Shangazi hakumwambia. Alisema moyoni kwamba hayo ni mambo ya watu wazima.

Alianza na jirani yake, muuza magodoro, mwanamume mwenye sauti ya kuamsha mtaa na moyo mkubwa kuliko duka lake.

"Jirani, Alhamisi asubuhi una shughuli gani?"

"Shangazi, mimi mtu wa Ijumaa. Alhamisi sina dhambi wala thawabu."

"Basi njoo ukae kwangu kidogo. Ukae tu. Na mkeo, na wanao, na shemeji zako wale wa kule juu."

Muuza magodoro hakuuliza mara mbili. Naye akawaambia watu wake wa Ijumaa, na mke wa seremala akawaambia watu wake wa Jumapili. Hapo ndipo Shangazi alipogundua jambo ambalo hakuna mhubiri aliyewahi kuligundua: Alhamisi ni siku isiyo na mwenyewe. Watu wa Ijumaa wanayo nafasi, watu wa Jumapili wanayo nafasi, na wote walikuwa na nguo waliyowahi kushonewa na Shangazi. Walikodisha viti vya plastiki. Kwaya ikaahidi kuja, kwa sharti isiimbe.

Alhamisi hiyo ukumbi ulifurika. Watu walijaa mpaka mlangoni, wakajaa karakana, wengine wakakaa juu ya matairi. Watu wa Alhamisi wenyewe, kwenye mito yao sakafuni, walionekana kama kitu kilichodondoka chini ya viti. Fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alimtazama Shangazi, akatazama umati, akafungua mdomo, akaufunga. Saa ya kukaa kimya ilikuwa imefika.

Mkaguzi aliingia saa tatu kamili. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limenyooka, mkononi ameshika kile kidude cha kuhesabia cha kubonyeza kwa dole gumba. Akapewa kiti cha mbele. Kimya kikatanda, na ndani ya kimya kile ikasikika ta, ta, ta, ta. Kila ta moja iliutekenya moyo wa Shangazi. Hesabu, baba, alisema moyoni. Hesabu mpaka dole gumba likuume.

Dakika ya kumi Hadubini akatokea mlangoni, amepewa ruhusa zahanati. Macho yakamtoka pima. Aliwatazama watu, akamtazama mkaguzi, akatazama kile kidude, na uso wake ukageuka rangi. Lakini wakati wa kimya hakuna kusema, na yeye alikuwa mtoto wa Alhamisi tangu kuzaliwa. Akaanza kumkonyeza shangazi yake. Akatikisa kichwa. Akanyoosha vidole viwili akavibana, kuonyesha kitu kidogo, kidogo sana. Shangazi akaona machozi yanamlenga mtoto, akajua ni furaha. Akampungia mkono. Ta, ta, ta, kikaendelea kidude.

Nusu saa ikaisha, zikaja shukrani. Hapo Shangazi alikuwa amesahau kuwaambia wageni kwamba hawalazimiki. Watu mia mbili, kila mmoja na jambo lake la wiki! Fundi baiskeli alishukuru kwa mvua, akakaa. Muuza magodoro akasimama, akashukuru kwa magodoro mapya yaliyoingia jana, inchi sita na inchi nane, yasiyobonyea. Mke wa seremala alishukuru kwa mumewe kupona goti. Seremala alishukuru kwa goti hilohilo, akalionyesha. Mama mmoja alishukuru kwamba aliyeiba ndoo yake yumo humuhumu ndani na Mungu anamjua, na ndoo ikarudishwa kabla ya saa tano. Mwalimu wa kwaya alijizuia weee, mwishowe uvumilivu ukamwisha na shukrani yake ikatoka kwa sauti nne. Ilipofika zamu ya mkaguzi ilikuwa saa saba mchana. Alisimama huku anajinyoosha mgongo.

"Nashukuru," alisema, "kwa kusimama."

Shangazi alimsindikiza mpaka nje, kichwa juu, mabega yamepanda.

"Mia mbili na kumi na nne," mkaguzi alisema akisoma kidude. "Hongera, mama. Jamii yenu ipo. Tena ipo kwelikweli."

"Karibu tena," alisema Shangazi.

"Tatizo ni kwamba ufadhili ni wa jamii zisizozidi watu mia moja. Nyinyi ni wengi." Akafunga kalamu yake. "Kesho saa kumi jioni naifunga orodha. Jina la binti nitaliondoa. Poleni."

Akaenda zake. Shangazi akabaki ameshika mlango wa karakana. Nyuma yake muuza magodoro alikuwa bado anauliza kama wiki ijayo tena ni saa tatu.

Nyumbani Hadubini hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa kwenye kigoda cha kushonea, akaitazama ile barua ya chuo kwa karibu, jicho moja limefumbwa, kama alivyozoea tangu utoto.

"Tangazo lilisema wachache, Shangazi. Wachache. Nilikusomea."

"Nilisikia. Nikadhani wachache wa kiserikali. Serikali ina watu mamilioni, nikajua wachache wao ni kama mia tatu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Shangazi akageuza kitambaa, akakigeuza tena. "Kwa sababu ungeniambia tuwe kumi na tisa," alisema. "Na mimi sikutaka kukisikia hicho kitu."

Hadubini akaiweka barua pajani. Hakuwahi kumsikia shangazi yake akiitaja idadi hiyo, wala hakujua kwamba anaifahamu.

Asubuhi ya Ijumaa msichana ndiye aliyeamka na wazo. Alikuwa ameupitia ukuta wa ukumbi, msumari kwa msumari, akarudi mbio kumwamsha Shangazi. Wakaazima mkokoteni wa muuza magodoro na muuza magodoro mwenyewe akiwa ndani ya bei. Kufika saa nne mito hamsini na miwili ilikuwa inavuka mji kuelekea ofisi za serikali. Njiani watu saba waliuliza bei. Mmoja aliuliza kama kuna ya kulalia. Muuza magodoro, anayesukuma, alijikaza asiwauzie, na jasho lililomtoka halikuwa la mzigo.

Askari wa getini hakuwa na kifungu cha kuzuia mito. Foleni ya ghorofa ya kwanza ikapisha. Mkaguzi aliinua kichwa kutoka kwenye mafaili, akakuta mezani kwake, kwenye viti, dirishani na juu ya kabati mito ya kila rangi, na katikati yake fundi cherehani amesimama kama mshtakiwa.

"Bwana mkaguzi, jana nilikudanganya," Shangazi alisema. "Wale watu niliwaazima. Wa Ijumaa, wa Jumapili, na mmoja alikuwa anapita tu akaona viti."

Mkaguzi akaweka kalamu chini taratibu. "Mama. Nina miaka kumi na saba kwenye kazi hii. Nimeona watu waliojipunguza. Nimeona mtu aliyeficha wake wawili na watoto tisa kwenye banda la kuku. Aliyejizidisha ili akose, huyo sijamwona."

"Ndiyo umemwona."

"Na mimi nitajuaje kama leo ndiyo unasema kweli? Mimi nilibonyeza. Vichwa vilikuwa mia mbili na kumi na nne."

Hapo Hadubini akasogea mbele. "Mheshimiwa, usihesabu vichwa, hesabu mito. Kila mtu wa Alhamisi ana wake, na wa mwenzake hakalii. Mto unaokaliwa kila wiki hubonyea katikati, pamba inakimbilia pembeni. Usiokaliwa unabaki umevimba. Minya mwenyewe."

Mkaguzi akaminya mmoja, akaminya wa pili. Jambo lile likamwingia. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akachukua kidude chake, na ofisi nzima ikaacha kazi kutazama. Muuza magodoro akajitolea kuwa mtaalamu. "Huu umekufa," alisema akiubonyeza. "Huu mzima. Huu umekufa kabisa, mwenyewe ni mnene." Ta, kikalia kidude. Iliyovimba ikawekwa dirishani, iliyobonyea ikawekwa mezani, na dirishani kukajaa mpaka mwanga ukapungua.

Shangazi hakutaka kutazama upande ule wa dirisha. Kila mto pale aliujua kwa mshono. Ule wa maua ya zambarau mwenyewe alihamia kwa mwanawe ng'ambo ya mpaka. Ule wa mistari aliolewa na mtu wa Jumapili, na wanasalimiana vizuri tu. Wale watatu wa kaki walikuwa ndugu, na wamezikwa safu moja. Miaka yote alikuwa akiikung'uta na kuipigapiga isinyauke, ili ukuta ujae, ili akiulizwa ajibu hamsini na kitu bila kupepesa macho. Sasa ilikuwa imerundikwa kwenye dirisha la serikali, mbele ya watu wenye foleni, na kila mtu anaona.

"Ishirini," mkaguzi akasema.

Hadubini akashtuka. "Kumi na tisa."

"Ishirini, binti. Hesabu mwenyewe."

Akahesabu. Ilikuwa ishirini. Akaipitia mmoja mmoja, akiisogeza jichoni, mpaka akafika kwenye mto wa kitambaa cha shati la bluu, umebonyea katikati kuliko hata wa fundi baiskeli. Akaujua. Ulikuwa wa baba yake.

"Huu una mtu?" mkaguzi aliuliza. "Maana kama mnaficha watu sasa, nitachanganyikiwa."

Hata muuza magodoro alifunga mdomo, jambo ambalo mtaa baadaye ulikataa kuliamini. Shangazi alijikaza, akakohoa, akakunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Mimi," alisema. "Kila Jumatano, nikishamaliza kukung'uta. Nakaa kidogo. Namweleza kaka habari za mtoto. Ripoti za shule, nini amesema, nini amekula." Akamgeukia Hadubini. "Najua mto wa mtu haukaliwi. Najua. Wewe hukuniona kwa sababu Jumatano ulikuwa shuleni."

Hadubini aliubana mto ule kifuani. Alilia bila kujificha, na Shangazi alilia vilevile, na mwanamke mmoja wa foleni aliyekuja kufuatilia cheti cha kuzaliwa akalia kwa kuwasaidia.

Mkaguzi alitazama kidude chake. "Hiki hakirudi nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Kikishabonyezwa ndiyo basi. Niandike ishirini, mama? Ishirini nayo ni chini ya mia. Binti anapata vilevile."

Ilikuwa idadi nzuri, nzima, na kaka yumo ndani yake. Shangazi akaitamani, hilo asiwadanganye mtu. Akautazama mto wa bluu, akatazama dirisha lililojaa, akavuta pumzi.

"Andika kumi na tisa," alisema. "Ndio tuliopo."

Mkaguzi akaandika kwa kalamu.

Hadubini aliondoka Jumatano ya mwezi uliofuata. Sanduku lilikuwa limejaa, na Shangazi alikuwa amelifunga na kulifungua mara nne akitafuta vitu ambavyo havikusahaulika. Mara ya mwisho alikwenda ukumbini, akarudi na mto wa kijani, wa vipande vya sare za shule za Hadubini, akausukumiza kati ya vitabu na koti jeupe.

"Shangazi, mito haitoki ukutani."

"Huko kwenu Alhamisi haifiki? Utakalia nini, darubini?"

"Hadubini."

"Kaa kimya upande gari."

Kesho yake Watu wa Alhamisi walikaa kimya nusu saa, wakatoa shukrani. Muuza magodoro alikuwa mlangoni, maana siku hizi alikuwa hakosi, ameambiwa mara tatu kwamba yeye ni wa Ijumaa na mara tatu amejibu kwamba Ijumaa ni kesho. Zamu ya Shangazi ikafika. Akasimama, akautazama ukuta, akautazama msumari mmoja ambao mto wake ulikuwa umesafiri.

"Nashukuru," alisema, na kwa mara ya kwanza alikuwa amehesabu watu badala ya mito, "kwamba leo tuko kumi na wanane."

Akakaa. Ikawa zamu ya fundi baiskeli.